George Papanicolaou

George Nicholas Papanicolaou (Kymi, Ugiriki, 13 Mei 1883 – Miami, Marekani, 19 Februari 1962) alikuwa daktari na mtafiti wa seli, Mgiriki aliyepata uraia wa Marekani. Anajulikana hasa kwa kubuni kipimo kinachotumia seli zilizobanduka ndani ya uke ili kutambua saratani ya mji wa mimba mapema. Kipimo hicho huitwa kipimo cha Pap. Wengi hudhani kwamba Pap ni kifupi cha maneno fulani ya kitabibu. Kumbe ni herufi za mwanzo za jina la ukoo wake, ambalo Wamarekani waliliona refu mno.

Kipimo hicho kimeokoa maisha ya wanawake wengi mno. Hata hivyo kina mpaka wake, ambao mara nyingi hausemwi wazi: kinaona vizuri mlango wa kizazi, lakini hakioni vizuri sehemu ya juu ya mji wa mimba, yaani ukuta wake wa ndani, ambako huota polipu na ambako huanza saratani ya aina nyingine. Papanicolaou mwenyewe alilijua jambo hilo na alijaribu kulitafutia njia.

Utoto na masomo

Alizaliwa katika mji mdogo wa Kymi, kwenye kisiwa cha Euboea. Baba yake, Nikolaos, alikuwa daktari, na alitaka mwanawe afuate kazi hiyo. Kijana mwenyewe alivutiwa zaidi na muziki na falsafa, lakini alitii. Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Athens, akahitimu mwaka 1904 akiwa na umri wa miaka 21. Baada ya kutumikia jeshi kama msaidizi wa daktari wa upasuaji alirudi nyumbani, na kwa muda alitibu wagonjwa wa ukoma.

Kazi ya kutibu haikumridhisha. Mwaka 1907 alikwenda Ujerumani kusoma biolojia, akapitia kwa wanasayansi waliokuwa maarufu wakati huo: Ernst Haeckel mjini Jena, August Weismann mjini Freiburg, na Richard Hertwig mjini Munich. Huko Munich alipata shahada ya uzamivu mwaka 1910 kwa utafiti juu ya namna jinsia inavyoamuliwa katika vijidudu vya majini. Swali hilo la jinsia ndilo lililomwongoza baadaye, kwa njia ya mzunguko, hadi kwenye saratani.

Mwaka huohuo wa 1910 alimwoa Andromachi Mavrogeni, ambaye nchini Marekani aliitwa Mary. Baba yake George hakuwa ameitarajia ndoa hiyo, kwa kuwa ilionyesha kwamba mwanawe hangerudi Kymi kufungua zahanati. Wawili hao walikwenda Monaco, ambako George alifanya kazi katika taasisi ya elimu ya bahari. Vita vya kwanza vya Balkan vilipozuka mwaka 1912 aliitwa tena jeshini. Huko alikutana na Wagiriki waliotoka Marekani kujitolea kupigana, nao wakamweleza habari za nchi hiyo.

Kuhamia Marekani

George na Mary walifika New York mwezi Oktoba 1913. Walikuwa na fedha kidogo na hawakujua Kiingereza. Daktari mwenye shahada mbili akaanza kwa kuuza mazulia katika duka kubwa, kazi ambayo hakudumu nayo. Mary alishona vifungo katika duka hilohilo. George alipiga pia fidla mikahawani na kufanya ukarani katika gazeti la Kigiriki.

Mwaka 1914 alipata nafasi katika idara ya anatomia ya Chuo cha Udaktari cha Cornell mjini New York, chini ya Charles Stockard. Mary naye aliingia maabara kama msaidizi wa mumewe, bila mshahara. Alipanga vioo, akatunza wanyama, akaweka kumbukumbu, na kurudi nyumbani kupika. Walikubaliana wasiwe na watoto ili kazi isikatike. Baadhi ya maandishi juu ya Papanicolaou humtaja Mary kwa sentensi moja tu, na hiyo ni dhuluma, kama itakavyoonekana.

Simbilisi na seli

Stockard alikuwa akifuga simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofugwa pia Iringa na Njombe. Papanicolaou alihitaji mayai ya simbilisi majike yakiwa katika hatua maalumu, muda mfupi kabla ya kutoka kwenye ovari. Tatizo ni kwamba simbilisi jike haonyeshi damu ya hedhi, kwa hiyo mtafiti hakuweza kujua siku inayofaa. Ilimlazimu kuchinja wanyama wengi kwa kubahatisha.

Papanicolaou aliwaza kwamba kama wanyama wengine majike wana dalili ya mzunguko, basi simbilisi naye lazima awe nayo, ila ni ndogo mno kuonekana kwa macho. Alitumia kifaa cha kutanulia pua ya binadamu kutazama uke wa simbilisi, akachota ute kidogo, akaupaka kwenye kioo na kuuweka chini ya hadubini. Aliona seli za maumbo mbalimbali, na maumbo hayo yalibadilika kwa utaratibu siku hadi siku. Sasa aliweza kujua hatua ya mzunguko bila kumwua mnyama. Yeye na Stockard walitangaza matokeo hayo mwaka 1917.

Njia hiyo ilienea haraka kwa watafiti wengine. Mwaka 1923 Edgar Allen na Edward Doisy waliitumia kwa panya walipokuwa wakitafuta homoni ya ovari, ile iliyoitwa baadaye estrojeni. Homoni hiyo ndiyo inayokuza ukuta wa ndani wa mji wa mimba kila mwezi, na ndiyo pia inayochochea ukuaji wa polipu. Kwa hiyo kazi ya Papanicolaou inahusiana na maradhi ya ukuta huo kwa njia mbili: kwa kusaidia kuipata homoni inayoyachochea, na kwa kipimo chake mwenyewe.

Kutoka kwa mnyama alihamia kwa binadamu, na mwanamke wa kwanza kupimwa mara kwa mara alikuwa Mary. Kwa miaka ipatayo 20 alitoa ute wake mwenyewe ili mumewe aweze kulinganisha seli za mwanamke mwenye afya kwa kila siku ya mwezi. Bila kumbukumbu hizo za hali ya kawaida, asingejua hali isiyo ya kawaida inafananaje.

Ugunduzi ambao haukusikilizwa

Mwaka 1925 Papanicolaou alianza kuchunguza wanawake wa kujitolea katika Hospitali ya Wanawake ya New York. Baadhi yao walikuwa wagonjwa. Katika ute wa mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi aliona seli zenye viini vikubwa, vyeusi na vya maumbo ya ovyo. Tukio hilo lilimgusa kuliko jingine lolote katika maisha yake ya utafiti.

Mwezi Januari 1928 alitoa taarifa yake katika mkutano uliofanyika Battle Creek, jimbo la Michigan. Mkutano wenyewe ulihusu nadharia za kuboresha kizazi cha binadamu, na haukuwa mahali pazuri pa kutangazia kipimo cha saratani. Wataalamu wa patholojia hawakushawishika. Waliona kwamba mlango wa kizazi unafikika kwa urahisi, na daktari anaweza kunyofoa kinyama na kukichunguza. Kwa nini basi ahangaike na seli zilizotawanyika? Hawakuzingatia kwamba kinyama hunyofolewa pale uvimbe unapoonekana, ilhali seli huweza kuonyesha ugonjwa kabla haujaonekana.

Ni haki kutaja kwamba Aurel Babeș, daktari wa Romania, aliwasilisha kazi inayofanana mjini Bucharest mwaka 1927, kwa njia yake tofauti. Hakuna ushahidi kwamba mmoja aliiga kwa mwingine.

Papanicolaou aliiweka kando habari ya saratani kwa karibu miaka kumi, akaendelea na homoni. Hakulalamika hadharani. Aliendelea kwenda maabara, na likizo ilikuwa nadra kwake.

Kitabu cha mwaka 1943

Mwaka 1939 alianza kushirikiana na Herbert Traut, mtaalamu wa magonjwa ya wanawake. Ute ulichukuliwa kwa wanawake waliolazwa katika wodi za magonjwa ya wanawake za Hospitali ya New York, hata wasio na dalili. Saratani zilionekana kwa baadhi yao ambao hakuna aliyewadhania. Walichapisha makala mwaka 1941, na mwaka 1943 kitabu juu ya utambuzi wa saratani ya mji wa mimba kwa kutumia ute wa uke. Mwaka 1942 Papanicolaou alikuwa amekwisha kueleza namna ya kuzitia seli rangi, na rangi hizo zinatumika maabara hadi leo.

Michoro ya kitabu ilifanywa na Hashime Murayama, msanii aliyezaliwa Japani. Wakati wa vita alizuiliwa kama raia wa nchi adui, na Papanicolaou alihangaika kuomba aachiwe. Michoro yake ilikuwa ya lazima, maana madaktari walijifunza kutambua seli za saratani kwa kuilinganisha na walichokiona kwenye hadubini.

Safari hii madaktari walisikiliza. Mwaka 1947 Cornell ilianza kutoa mafunzo ya kusoma seli, na wanafunzi walitoka nchi mbalimbali. Mwaka 1950 Papanicolaou alipewa tuzo ya Lasker, na mwaka 1954 alitoa atlasi kubwa ya seli. Katika nchi zilizopanga upimaji wa wanawake wote kwa utaratibu, kama Finland na Iceland, vifo vya saratani ya mlango wa kizazi vilipungua kwa zaidi ya nusu.

Kile ambacho kipimo hakikioni

Mji wa mimba una sehemu kuu mbili. Mlango wa kizazi uko chini na unatazamana na uke. Mwili wa mji wa mimba uko juu, na ndani umefunikwa na ukuta laini unaobomoka wakati wa hedhi na kujengwa tena. Saratani za sehemu hizi mbili ni magonjwa tofauti. Ile ya mlango wa kizazi husababishwa karibu kila mara na virusi vya HPV, jambo lililoanza kuthibitishwa na Harald zur Hausen katika miaka ya 1980. Ile ya ukuta wa ndani haitokani na virusi hivyo. Huhusiana zaidi na estrojeni, unene uliopita kiasi, kisukari na umri, na huwapata hasa wanawake waliokoma hedhi.

Kitabu cha 1943 kilizungumzia saratani zote mbili. Papanicolaou alichota ute uliojikusanya ndani ya uke, na humo mlikuwa na seli zilizodondoka kutoka juu pia. Hata hivyo ni chache zinazosafiri umbali huo, na nyingine huharibika njiani. Kwa sababu hiyo yeye na Andrew Marchetti walieleza, mwaka huohuo wa 1943, namna ya kuvuta seli moja kwa moja kutoka ndani ya mji wa mimba.

Mwaka 1947 J. Ernest Ayre, daktari wa Kanada, alileta kijiti bapa cha mbao cha kukwangulia mlango wa kizazi wenyewe. Kipimo kikawa bora zaidi kwa saratani ya mlango wa kizazi, na ndicho kilichoenea duniani. Lakini kwa kukwangua hapo tu, seli za juu zikazidi kukosekana. Tafiti zinaonyesha kwamba kipimo cha Pap hugundua chini ya nusu ya saratani za ukuta wa ndani.

Polipu ni nadra zaidi kuonekana kwa njia hiyo. Hizi ni nyama ndogo zinazoota kwenye ukuta wa ndani, nyingine zikiwa na kikonyo, na zinaweza kuwa ndogo kama punje ya ulezi au kubwa kiasi cha kujaza nafasi yote. Nyingi si saratani. Kwa wastani, kati ya polipu 100 zilizotolewa na kuchunguzwa, takriban 3 hadi 5 huwa na saratani au mabadiliko yanayoielekea. Hatari huwa kubwa zaidi kwa mwanamke aliyekoma hedhi na anayetokwa damu, na pia kwa anayetumia tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti. Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, polipu huweza kuleta damu nyingi, matone ya damu katikati ya mwezi, au ugumu wa kushika mimba.

Kipimo nchini Tanzania

Nchini Tanzania saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iko katika majengo ya hospitali ya Wajerumani iliyofunguliwa mwaka 1897, ambamo Robert Koch aliwahi kufanya utafiti. Ikawa taasisi inayojitegemea mwaka 1996. Wagonjwa wengi huifikia ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea.

Kipimo cha Pap chenyewe hakikuenea sana nchini. Kinahitaji maabara, rangi, msomaji wa seli aliyefunzwa, na mwanamke anayeweza kurudi kuchukua majibu. Badala yake vituo vingi vya afya hutumia kipimo cha siki: muuguzi hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, na baada ya dakika moja hivi sehemu yenye mabadiliko hugeuka nyeupe. Jibu hupatikana papo hapo, na mara nyingi matibabu hutolewa siku hiyohiyo. Chanjo ya HPV kwa wasichana ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018.

Hata hivyo kipimo cha siki kinaona kidogo zaidi ya kile cha Papanicolaou. Kinatazama uso wa mlango wa kizazi peke yake, na hakiwafai wanawake waliokoma hedhi, kwa sababu sehemu inayopaswa kutazamwa huwa imerudi ndani. Mama wa Mbagala au Tandale aliyeambiwa kwamba siki haikuonyesha kitu amepata jibu la kweli, lakini ni jibu la swali moja tu. Akiwa na miaka 58 na damu ikamtoka, hata matone, jibu lile halimhusu tena. Wapo wanaodhani hedhi imerudi, au hata kulifurahia jambo hilo kama dalili ya ujana. Hedhi iliyokoma kwa mwaka mzima hairudi. Kati ya wanawake 100 wanaotokwa damu baada ya kukoma hedhi, takriban 9 hukutwa na saratani ya ukuta wa ndani; waliobaki huwa na polipu, wembamba wa ukuta unaoletwa na umri, au sababu nyingine. Na kati ya wanawake 10 waliokoma hedhi wenye saratani hiyo, 9 walianza kwa kutokwa damu, ndiyo maana wengi huweza kugunduliwa mapema na kupona kwa kuondolewa mji wa mimba.

Uchunguzi huanza kwa ultrasaundi, ambayo hospitali za rufaa za mkoa kama Temeke na Mwananyamala, wilayani Kinondoni, zinayo. Ukuta ukionekana mnene, au kukiwa na kitu kama polipu, huchukuliwa kinyama kutoka ndani na kupelekwa maabara. Kamera ndogo ya kuingiza ndani ya mji wa mimba, ambayo kwayo polipu huonekana na kutolewa kwa pamoja, haipatikani kila mahali. Jambo la muhimu kwa mgonjwa ni kumweleza daktari waziwazi kwamba hedhi ilikoma na damu imetoka, kwa sababu neno hilo peke yake ndilo linalobadilisha aina ya uchunguzi.

Kifo na kumbukumbu

Mwaka 1961, baada ya miaka 47 Cornell, Papanicolaou alihamia Miami kuongoza taasisi ya utafiti wa saratani. Miezi michache tu baadaye, tarehe 19 Februari 1962, alifariki kwa mshtuko wa moyo akiwa na umri wa miaka 78. Alizikwa Clinton, New Jersey. Taasisi ile ilipewa jina lake.

Alipendekezwa mara kadhaa kwa tuzo ya Nobel lakini hakuipata. Marekani ilitoa stempu yenye picha yake mwaka 1978, na Ugiriki ilimweka kwenye noti ya drakma 10,000, iliyotumika hadi nchi hiyo ilipoingia kwenye sarafu ya yuro. Mary hakuonekana kwenye noti. Aliendelea na kazi ya taasisi mjini Miami baada ya kifo cha mumewe, akafariki mwaka 1982.